Shule tatu za serikali Kinyerezi: mtoto wa awali aende ipi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumehamia Kinyerezi mwaka huu na mtoto wetu wa kiume anatimiza miaka mitano mwezi wa kumi na moja, kwa hiyo Januari anaanza awali. Ada za shule binafsi za huku hatuziwezi, na mdogo wake anakuja nyuma, kwa hiyo tumeamua asome shule ya serikali. Zipo tatu tunazozifikia. Ya kwanza ni ya jirani, dakika kumi kwa miguu, lakini awali yake ina watoto wanaokaribia tisini. Ya pili iko kando ya lami, itabidi apande bajaji, na inasifika kwa matokeo ya darasa la saba. Ya tatu ni mpya, ina chumba kizuri cha awali chenye bembea na vyoo vya watoto, na watoto ni arobaini na kitu, ila ni mwendo wa zaidi ya nusu saa na kuna bonde katikati. Baba yake anataka ya lami, mimi roho yangu iko kwa ile mpya, na mama mkwe anasema ya jirani inatosha. Tuzilinganisheje?

Jibu: Marahaba, mama. Umefanya vizuri kuuliza mapema, maana wazazi wengi hukumbuka habari za awali wiki ya kwanza ya Januari, wakati foleni imeshafika getini.

Nianze na hoja ya baba yake, kwa sababu ndiyo inayopendwa mitaani. Matokeo ya darasa la saba ni ya watoto wa miaka kumi na mitatu hivi, waliofundishwa na walimu wengine kabisa. Baadhi yao walihamia hapo wakiwa darasa la tano au la sita, na wengi wamesoma tuisheni kila jioni. Hayakuambii chochote kuhusu mtu atakayempokea mwanao mlangoni. Tena kwa Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita, kwa hiyo mtoto anayeanza awali sasa hata hatafika kwenye huo mtihani wa darasa la saba unaosifiwa. Nimewahi kuingia katika shule zinazotamba kwa ufaulu nikakuta watoto wa awali wamewekwa kwenye iliyokuwa stoo, wakiangaliwa na binti aliyemaliza kidato cha nne, kwa sababu walimu wazoefu wote wamepangwa madarasa ya mtihani. Mwalimu mkuu akiitwa kikaoni anaulizwa ufaulu, haulizwi habari za awali. Sisemi shule yenu ya lami iko hivyo. Nasema sifa yake haiwezi kukuthibitishia kwamba haiko hivyo.

Kwa hiyo acha kulinganisha shule, linganisha chumba kimoja na mtu mmoja. Na ujue kabla hujatoka nyumbani kwamba hakuna utakapokuta kila kitu kimekamilika. Sera ya 2014 ilifanya mwaka wa awali kuwa sehemu ya elimu ya lazima, na tangu Januari 2016 elimu ya serikali kuanzia awali hadi kidato cha nne haina ada. Watoto waliitika kwa wingi, jambo la kheri kubwa, lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kasi ile. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia kwenu Kinyerezi hadi Chanika, Chamazi na Goba, kwenye viwanja vipya ambako familia changa zinahamia kila mwezi, kiwango hicho hukipati kirahisi. Ukilinganisha shule za awali za serikali, hasa unalinganisha namna kila shule inavyoishi na upungufu. Kuna inayoukabili kwa mpango, na kuna iliyojiachia.

Swali la kwanza ofisini liwe: mwalimu wa awali ni nani? Uliza kama ameajiriwa na serikali au ni wa kujitolea, kama amesomea kufundisha watoto wadogo, na amekaa na darasa hilo muda gani. Uliza pia kama ana vipindi vingine. Mwalimu anayefundisha awali hadi saa nne kisha akakimbilia darasa la tano hana muda wa kuandaa chochote, na siku ambayo darasa la tano lina jaribio, awali ndio wanaoachwa na kiranja. Walimu wa kujitolea usiwadharau, wapo wenye moyo na mikono ya kazi hii kuliko walioajiriwa. Ila wengi hulipwa kwa michango ya wazazi, na mchango ukilegea wanaondoka katikati ya muhula. Mtoto wa miaka mitano akibadilishiwa mwalimu mara mbili kwa mwaka, kila mara anaanza upya kuzoea, na wengine huanza kulia tena asubuhi kama siku ya kwanza.

Halafu omba kukaa darasani. Hapa ndipo wazazi wengi wanapoona haya, lakini shule ya umma ni yenu. Piga hodi ofisini, saini kitabu cha wageni, mweleze mwalimu mkuu kwamba unatafuta nafasi kwa ajili ya mwanao na ungependa kuona darasa kwa saa moja. Nenda saa mbili na nusu asubuhi, ukae hadi watoto watoke mapumziko. Keti nyuma, simu iwe mkobani. Mwalimu mkuu akikukatalia bila sababu ya maana, na hilo nalo ni jibu.

Nikueleze nilichokiona katika darasa moja lililofurika, kwenye shule ya pembezoni kama hizo zenu. Mwalimu alikuwa amewagawa watoto. Nusu walikuwa nje chini ya mwembe na mama msaidizi, wanapanga vijiti na kuchora ardhini, na nusu walikuwa naye ndani kwenye jamvi. Alikuwa anawahadithia sungura aliyerudi nyumbani jioni akakataa kuingia ndani. Akanyamaza hapo. “Kwa nini hakuingia?” Mtoto wa mbele akasema sungura anaogopa. Mwalimu hakusema vizuri wala vibaya, akauliza, “Umejuaje kama anaogopa?” Kimya. Akasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa muda mrefu. Binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu asubuhi hakuwa ametoa neno, akasema, “Ameona mkia.” “Mkia wa nani?” Darasa zima likapiga kelele: “Fisi!” Kwa dakika chache zile watoto walikuwa wamesikiliza, wamekumbuka, wamefikiri jambo ambalo halikutamkwa, na mtoto mwoga amezungumza mbele ya wenzake. Hayo ndiyo maandalizi ya kusoma. Mtoto anayejua kuifuata hadithi kwa masikio ataifuata kwa macho akifika darasa la kwanza na la pili.

Sasa utakutana pia na darasa la namna ya pili, nalo kwa mzazi huonekana zuri zaidi. Mwalimu ana fimbo ya kuonyeshea ubaoni, watoto wanaitikia kwa sauti moja, ba be bi bo bu, moja hadi ishirini, wamenyooka, kelele hakuna. Usitazame mwalimu, tazama watoto wa safu ya nyuma. Midomo inacheza lakini macho yako dirishani. Mtoto anaweza kuimba namba hadi ishirini na bado ukimwambia akupe vizibo vitano vya soda akakukusanyia konzi nzima. Kwenye darasa linalofanya kazi utakuta kila mtoto ana vizibo vyake, mabunzi, kokoto au mbegu, anagusa kimoja kimoja akitamka namba, na mwalimu anapita kati yao akiangalia mikono. Vitu hivyo havigharimu kitu. Shule isiyokuwa navyo haikukosa fedha, imekosa mtu wa kuvikusanya.

Ukiwa hapo, angalia kuta. Picha zimebandikwa usawa wa macho ya mtoto, au ziko juu karibu na dari kwa ajili ya mgeni rasmi? Kona za kujifunzia zipo, yaani sehemu ya hisabati, ya lugha, ya maigizo yenye vyungu vidogo na kanga kuukuu, na je, vitu vyake vimechakaa kwa kuchezewa? Kwangu mimi uchakavu hapo ni alama nzuri. Mwanasesere aliyebaki kwenye nailoni yake tangu aletwe hajafundisha mtu.

Hili linanipeleka kwa ile shule mpya iliyokuvutia. Miaka ya karibuni, hasa kupitia mradi wa BOOST, serikali imejenga shule mpya za msingi na madarasa ya awali ya mfano yenye vyoo vyake na michezo ya nje. Ni hatua ya maana sana, na ikiwa yenu ni mojawapo mna bahati. Lakini jengo linakuja kwa fedha za mradi na mwalimu anakuja kwa kibali cha ajira, na hivyo viwili havifiki siku moja. Kwa hiyo uliza kama bembea zinatumika kila siku au geti lake hufunguliwa wageni wakija, na kama chumba kile ni cha awali kweli au mchana kinageuka darasa la pili. Na ile idadi ya arobaini na kitu, uliza ni ya mwezi gani. Uandikishaji huanza miezi ya mwisho ya mwaka na watoto huendelea kupokelewa hadi Machi. Darasa lenye majina thelathini mwezi wa kumi na moja linaweza kuwa na sabini Pasaka ikifika, hasa kwenye shule mpya ambayo sifa zake bado zinasambaa. Omba kuoneshwa daftari la mahudhurio la mwaka huu, ukurasa wa Machi au Aprili. Hesabu waliosajiliwa, kisha hesabu waliohudhuria. Pengo likiwa kubwa, watoto wanaikimbia shule au njia inawashinda.

Na njia niizungumze kwa kirefu, maana familia nyingi huipa dakika mbili. Umetaja bonde. Ulilipita mwezi gani? Kiangazi mabonde ya Kinyerezi na jirani zake ni vichochoro vya kawaida, lakini masika, Machi hadi Mei, maji yanayoshuka kuelekea Mto Msimbazi yanageuza vijia hivyo kuwa vijito. Waulize akina mama wanaouza mboga njiani, wao ndio wanaojua mvua ya Aprili inafika wapi na watoto wanapita wapi siku hiyo. Mtoto wa miaka mitano hapaswi kuvuka bonde akiwa na kaka wa darasa la tatu, hata kama jirani wanafanya hivyo kila siku. Lazima pawepo mtu mzima, kwenda na kurudi.

Bajaji nayo ipigie hesabu kamili. Kalenda ya shule ina siku 194 za masomo kwa mwaka. Zidisha nauli kwa siku hizo, kwenda na kurudi, kisha ukumbuke kwamba awali hutoka kabla ya mchana wakati wenzake wakubwa wako darasani, kwa hiyo hawezi kurudi na kundi. Nani atamsubiri? Fedha hiyo hiyo ukiiweka kwenye vitabu vya hadithi na maziwa nyumbani, mtoto atafaidi zaidi ya kusafirishwa kwenda kwenye shule ya jina. Na bajaji zinazobeba watoto wanane wamekaliana mapajani zinanitisha kila ninapozipita pale njia panda.

Choo, maji na uji ni vya kuangaliwa haraka lakini kwa macho yako mwenyewe. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, ila kwa awali la muhimu zaidi ni kama wana choo chao chenye tundu dogo, mlango unaofungika na maji ya kunawa karibu, maana mtoto anayeogopa shimo kubwa hujizuia hadi ajikojolee. Uji uliza unapikwa siku ngapi kwa wiki na kama mchango wake ulipitishwa kwenye kikao cha wazazi. Michango ya kweli ina kikao, ina muhtasari na ina risiti, na hakuna mtoto anayetakiwa kurudishwa nyumbani kwa sababu hajalipiwa.

Jambo la fimbo usilionee aibu kuuliza. Kanuni zinampa mamlaka ya adhabu ya viboko mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Mwalimu wa awali anayetembea na fimbo mkononi akiwagongagonga watoto mabegani hajapewa ruhusa na mtu, na mimi nasema wazi kwamba mtoto wa miaka mitano hapigwi kwa kushindwa kuandika herufi. Ukiona watoto wanakunja mabega mwalimu akiwapita, umeshaona ya kutosha. Chukua mkoba wako.

Kuna shinikizo moja ambalo nadhani litakuja kutoka kwa baba yake au kwa majirani wenye watoto shule binafsi: mbona mtoto wa awali daftari lake halijajaa? Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika Januari 2024, haumtaki mtoto wa awali awe msomaji kamili. Kusoma, kuandika na kuhesabu kwa uzito wake kuna darasa la kwanza na la pili. Awali ni mwaka wa kuzungumza, kucheza, kuimba, kufinyanga, kukata na kubandika, kujua kunawa mikono na kusubiri zamu, kutofautisha sauti za maneno, kupanga kubwa na ndogo. Maendeleo hupimwa kwa kumwangalia mtoto akifanya, na kazi zake huhifadhiwa kwenye mkoba wake. Ukikuta shule inawapa watoto wa awali mitihani na kuwapanga wa kwanza hadi wa mwisho, mwambie baba yake hiyo isiwe hoja ya kuichagua. Muulize mwalimu akuoneshe mkoba wa mtoto mmoja, michoro ya mwezi wa pili na ya mwezi wa tisa. Mwalimu anayewajua watoto wake atakueleza kila mstari.

Ningekuwa mimi, kwa hayo uliyoniandikia, shule ya lami ningeiweka kando kwanza. Sababu pekee mliyonayo ya kuipenda haihusu awali, na gharama yake ni ya kila siku. Ziara moja ikifichua mwalimu wa ajabu pale, nitafurahi kubadilisha mawazo, lakini nisingeanzia huko.

Imebaki mpya na ya jirani, na hapo yapo mambo mawili ya kuyajua wiki hii. Kama shule mpya ina mwalimu aliyesomea awali, aliyepangwa kwa darasa hilo peke yake, na kama nyinyi mna mtu mzima wa kumvusha bonde kila siku hata Aprili, mpeleke huko hata kama idadi itapanda hadi sitini. Moja ya hayo likikosekana, mpeleke ya jirani. Najua tisini inakutisha, na ni kweli ni wengi mno. Lakini tisini waliogawanywa makundi mawili, lenye kuingia asubuhi na lenye kuingia baadaye, au walio na walimu wawili na jamvi la nje, si sawa na tisini wanaokaa watano dawati moja mbele ya mwalimu mmoja. Hilo la kugawanya ndilo utakaloliulizia ya jirani kabla ya jingine lolote. Wakikwambia hawagawi na hawana mpango wa kugawa, nenda kwenye kikao cha kwanza cha wazazi ukalisemee. Kamati ya shule ina nguvu kuliko wazazi wengi wanavyodhani, na mzazi anayeishi dakika kumi kutoka shuleni anaweza kuhudhuria kila kikao na kupita darasani hata mara moja kwa wiki. Mama mkwe wako kwa hili ana hoja nzito, hata kama hakuieleza.

Nyumbani mpeni nusu saa jioni ya kuzungumza naye na kumhadithia, popote mtakapompeleka. Darasa likiwa na watoto wengi, maneno ambayo mwalimu hakupata nafasi ya kubadilishana naye ni nyinyi mtakaoyajazia, na bibi yake akiwa hapo ndani mna hazina.

Cheti cha kuzaliwa kama bado hakijatoka, kianzeni sasa RITA, nakala yake mtaombwa siku ya kuandikisha. Kisichelewe, lakini kikichelewa msimfiche mtoto nyumbani mwaka mzima kwa sababu ya karatasi. Nendeni na kadi ya kliniki mkaeleze kwamba cheti kinafuatiliwa. Mkiambiwa nafasi zimejaa, ombeni kuonana na Afisa Elimu Kata, mweleze mnapoishi na umri wa mtoto. Yeye ndiye anayejua shule zote za kata na anaweza kuwaelekeza ilipo nafasi, hata kwenye shule ya nne ambayo hamjaitaja.